Betri ya Saa Nane

4 Machi

Kwako Kiberiti,

Najua sasa una duka lenye kibao mlangoni na watu wanakuita Fundi. Kwangu utabaki Kiberiti wa darasa la sita, aliyeunguza pazia akijaribu kuwasha taa kwa betri za redio. Nakuandikia barua kwa sababu masikio yangu yamegoma. Simu ikilia nasikia kama nyuki ndani ya debe, na hizo meseji vidole vyangu vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Mtu wa vifurushi hupita hapa kila baada ya siku mbili, ndiye atakayekuletea hii. Salamu za kujaza ukurasa sikutumii. Mimi ndiye niliyewafundisha zile, na mpaka leo najuta.

Shida ni kompyuta ya mume wangu, ile ya kukunja mnayoiita laptopu. Naichomeka kwenye umeme, kitaa kinawaka, lakini haiingizi chaji. Kwenye kona ya kioo inaandika saba kwa mia, na maneno "imechomekwa, haichaji". Ukiiwasha inakaa dakika mbili tatu, kisha inazimika.

Utajiuliza kikongwe ana haraka gani na kompyuta. Mume wangu alifariki tarehe 19 Juni mwaka jana, siku kumi na moja baada ya kuagwa kazini, na siku zote hizo hatukusemeshana. Tulinuniana, tena kwa kosa langu, nitakueleza siku nikiwa na moyo. Kila mchana, tangu saa nane hadi saa kumi, mimi nikiwa nimelala, alikaa mezani kwake akiandika kwenye mashine hii. Nilimkuta hapo hapo, amelaza kichwa.

Ndani kuna faili moja lenye jina "Kwa Mwalimu". Huyo ni mimi, hakuwahi kuniita jina jingine. Nikilibonyeza tu, mashine inazimika. Miezi tisa sasa sijui kama mume wangu aliondoka amenisamehe au aliondoka na kinyongo. Nisaidie nisome, mwanangu.

Mwalimu wako

*

8 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama wima, mazoea hayana dawa. Pole sana kwa msiba wa mzee, sikupata habari. Na lile pazia nililipia kwa kudeki darasa muhula mzima, kwa hiyo deni lile naomba lifutwe.

Usikate tamaa na betri. Mara nyingi si mbovu, imezubaa tu. Fanya hivi. Chomoa waya wa chaja, geuza mashine tumbo juu, utaona vilimi viwili. Visukume pembeni, betri itatoka yenyewe. Ikiwa nje, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie nusu dakika nzima, hesabu mpaka thelathini bila kuruka. Umeme uliobaki ndani utaisha. Futa meno ya betri kwa kitambaa kikavu, irudishe, chomeka. Ukiona haibadiliki, hamia soketi ya chumba kingine, maana soketi nyingine zina umeme wa kubipu.

Faili usiliguse kwanza. Chukua daftari, andika asilimia kila saa, ili nijue kama chaji haiingii au inaingia na kutoka. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Mwanafunzi wako,
Kiberiti (Fundi)

*

14 Machi

Kiberiti,

Barua yako nimeisahihisha, umepata saba kwa kumi. Kwenye mikato bado uko vile vile.

Nimefanya ulivyosema, na nilipochomeka ikaanza kupanda! Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Saa tatu asubuhi ilikuwa ishirini, saa tano arobaini, saa saba sitini na moja. Nikaenda kulala roho kwatu. Nimeamka saa kumi, nimekuta saba. Waya uko palepale, kitaa kinawaka, umeme haukukatika maana friji ilikuwa baridi.

Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikaihamishia jikoni, ya nne sebuleni juu ya kabati. Daftari linasema jambo moja tu: asubuhi inapanda, ikifika saa nane inaanza kushuka, na saa kumi inasimama kwenye saba.

Jana nikasema silali. Nikakaa mbele yake, imefungwa, nimeweka kiganja juu ya mfuniko. Mimi sisikii, lakini kiganja changu bado hakijapata uziwi. Ilipofika saa nane na dakika chache mashine ikaanza kutetema na kupata joto, kama mtu ameiwasha. Niliufunua mfuniko haraka. Kioo kilikuwa cheusi na mtetemo ukakoma.

Hapa naishi peke yangu. Binti yetu huja mwisho wa mwezi na hagusi vitu vya baba yake. Niambie ni ugonjwa gani huo kati ya yale mawili.

Mwalimu

*

18 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Ni ule wa pili. Chaji inaingia, ila mashine inatumia zaidi ya inachopewa, ndiyo maana namba inashuka hata ikiwa kwenye umeme. Kuna kazi inafanyika ndani.

Usiogope. Kompyuta ina kulala na ina kuzima. Ukifunga mfuniko inalala tu, na ikilala huwa inaamka yenyewe ikikumbuka shughuli fulani aliyoipanga mwenyewe. Huenda mzee aliipangia jambo la saa nane. Tena chaja ya zamani huchoka, haina nguvu ya kufukuzana na mashine. Sijaona, lakini nina uhakika ni kitu cha namna hiyo.

Niletee niishike mwenyewe. Funga kwenye begi lake, weka nguo laini katikati. Faili sitalisoma, naapa mbele ya chaki na ubao.

Kiberiti

*

22 Machi

Kiberiti,

Haya, inakuja. Iko kwenye begi lake la kazini lenye mifuko mingi, alilobebea ramani zake miaka thelathini. Mifuko sikuipekua, sina ubavu huo.

Kiapo chako nimekishika. Ukilisoma faili lile kabla yangu nitajua, uso wako wa kuficha jambo naufahamu tangu ukiwa na miaka kumi na miwili.

Mwalimu

*

*[Iliyokutwa kwenye mfuko wa nje wa begi]*

22 Machi

Kwako Fundi,

Abari za kazi. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Jina lako nimeliona kwenye bahasha hapa mezani, imeandikwa Fundi, ndiyo maana nimepata moyo wa kukuandikia. Samaani kwa mwandiko, mkono wangu si imara kama zamani.

Nina shida na kompyuta. Haiingizi chaji vizuri. Kila siku nakaa kuandika saa nane, na kabla sijamaliza ninachotaka kusema inaniandikia saba kwa mia na inazimika. Hasubuhi mimi siigusi kabisa, lakini naona kama kuna mtu hanaigusa. Mezani kuna daftari lenye namba za kila saa, kwa kalamu nyekundu. Sijui nani hanaandika.

Mke wangu amefariki tarehe 19 Juni mwaka jana, siku kumi na moja baada ya mimi kuagwa kazini. Nilimkuta kitandani saa kumi jioni, nikadhani bado hamelala. Siku izo zote nilikuwa nimemnunia. Alikuwa mwalimu. Nataka kumaliza barua yake, ata kama akuna pa kuipeleka. Tafadhali nitengenezee hiyo betri.

Wako,
Mume wa Mwalimu

*

29 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Mashine inarudi nayo hii. Nimeweka betri mpya kabisa na chaja yenye nguvu zaidi. Hapa dukani imefanya kazi vizuri, sina la kulalamikia.

Faili sijalisoma. Nilijaribu kulinakili tu, mashine ikakataa, ikaandika "faili hili linatumiwa na mtumiaji mwingine". Hutokea hivyo mashine ikizimika ghafla. Ukilifungua litakuuliza kama unataka kusoma tu bila kuandika. Kubali.

Nina maswali ya kijinga, unisamehe. Mzee alikuwa anaandikaje "asubuhi"? Na je, unayo karatasi yoyote yenye mwandiko wake? Nauliza kwa sababu za kiufundi. Pia, mchana unapolala, huwa unaamka mara kwa mara? Unakula vizuri?

Kiberiti

*

*[Kwenye mfuko wa nje wa begi]*

29 Machi

Shikamoo Mzee,

Sijui naandika kwa nani. Nimekaa na barua yako siku nne bila kushika kazi, na nina waya nyembamba za wateja za kuchomelea, kwa hiyo umenitia hasara. Kama ni mtu anatufanyia mzaha, aache, kuna mama anaumia.

Kama si mzaha, nakujibu kama ninavyomjibu mteja yeyote. Juzi saa nane niliweka mashine yako juu ya meza yangu, imezimwa, nimetoa hata waya. Saa nane na dakika tano feni ikaanza. Namba ikashuka mpaka saa kumi. Betri yako si mbovu, Mzee. Inatumiwa na watu wawili. Asubuhi ya mmoja na mchana wa mwingine vinakula chaji ileile, ndiyo maana hakuna anayefika mwisho.

Huyo mwingine naye anatafuta kusoma ulichoandika. Hilo tu ndilo naweza kusema.

Fundi

*

3 Aprili

Wewe mtoto,

Nani amekwambia habari ya "hasubuhi"? Umesoma. Umeapa na umesoma.

Basi nikwambie yote, maana siwezi tena kuyameza. Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa h. Mahali ilipotakiwa hakuiweka, mahali pasipotakiwa aliibandika. Miaka arobaini nilimsahihisha, barua zake, orodha za dukani, hata kadi aliyoniandikia nilipolazwa. Alikuwa anacheka. Siku ya kuagwa kwake aliandika hotuba mwenyewe, akakataa nisiione. Alisimama mbele ya wakubwa wake na vijana aliowafunza kazi, akaanza, "Hasanteni wote, nimekuja hasubuhi na mapema." Nami kutoka kwenye kiti changu nikasema kwa sauti ya darasani, "Asubuhi! Asanteni!" Ukumbi mzima ulicheka. Alikunja karatasi, akasema hana zaidi, akakaa. Tuliporudi nyumbani hakunisemesha mpaka nilipomkuta amelala mezani.

Jana nimefungua faili. Betri yako ilidumu muda wa kutosha mistari miwili tu. Lilifunguka katikati, mahali palipoandikwa: "Mke wangu. Sasa akuna tena wa kunisahihisha."

Kisha ikazimika.

Nimepata jibu langu. Mume wangu alikuwa anasherehekea. Alikaa saa mbili kila mchana akifurahi kwamba nimefunga mdomo. Sikulaumu wewe, Kiberiti, wala sikupi alama kwa barua yako. Nadhani niitupe mashine hii.

Mwalimu

*

*[Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine]*

3 Aprili

Fundi,

Barua yako nimeiona kwenye mfuko. Unasema watu wawili. Nimekaa na neno ilo tangu jana.

Daftari lile la namba, saba zake zina kimstari katikati. Ni mtu mmoja tu ninayemjua anayeandika saba hivyo. Nilidhani naota. Nyumba hii iko kimya tangu haondoke, kitanda chake kimetandikwa vilevile, lakini mto unabonyea mchana, mimi nauona.

Kama ni yeye, basi sitaki betri. Ijumaa tarehe 17 sitagusa mashine kabisa, tangu hasubuhi mpaka jioni, hasome yote. Mimi nimezoea kungoja. Kazi yangu ilikuwa kusimama juani na darubini, mwenzangu yuko mbali na fimbo yake, nangoja hanipungie mkono kwamba hamefika. Jumamosi saa nane nitarudi nione kama hameniachia neno. Ata moja.

Mume wa Mwalimu

*

9 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Kaa kwanza. Usisome hii ukiwa umesimama.

Nilikuficha. Niliposema mashine haina la kulalamikia nilikudanganya, na uso wangu ungeniumbua ungekuwa mbele yako. Ndani ya begi nilikuta barua. Ninakutumia sasa, pamoja na ile karatasi yako mwenyewe. Igeuze uone nyuma. Faili sijalisoma, habari ya "hasubuhi" niliipata humo.

Nilifikiri mambo mawili. La kwanza, kwamba wewe mwenyewe ndiye unayeandika usingizini, kwa majonzi. Niliogopa nikisema hivyo binti yako atakuhamisha ukawekwe mahali chini ya uangalizi. Lakini Mwalimu, wewe hata ukiwa usingizini huwezi kuandika "hasubuhi". Mkono wako ungekataa. Kwa hiyo nimebaki na la pili, na la pili silijui jina.

Ona anavyosema. Kwake wewe ndiye uliyefariki. Sasa soma tena ule mstari uliokuvunja moyo, ukijua hilo. Hasherehekei, Mwalimu. Analia.

Ijumaa tarehe 17 hataigusa. Fungua asubuhi, usiharakishe. Chaji itatosha.

Ila nakuomba kitu. Soma tu. Usiandike chochote humo. Sijui kwa nini nasema hivi. Mimi ni fundi, nikiona waya mbili ambazo sijui zinakotoka sizigusanishi.

Kiberiti

*

17 Aprili, Ijumaa

Kiberiti mwanangu,

Nimesoma! Nimeanza saa mbili asubuhi, nimemaliza saa kumi na moja, sikula wala sikulala. Saa nane namba haikutikisika. Ilipanda mpaka mia, mara ya kwanza tangu Juni.

Kuna kurasa mia mbili na kumi. Siku kumi na moja za kwanza ni za kununa kweli, ananilaumu, ananiita mkuu wa dunia. Ya kumi na moja anaandika kwamba ameshachoka kununa, jioni nikiamka ataniletea chai na hotuba nimsahihishie yote tuicheke. Siku hiyohiyo, Kiberiti. Alikuwa ameshanisamehe wakati namkuta.

Kisha zinaendelea. Kila siku, tangu Juni hadi jana. Anaeleza alivyonizika, nani alikuja, nani hakuja. Anasema nyumba imekuwa kubwa. Anasema anaandika vibaya makusudi akitumaini nitakasirika niamke. Ukurasa wa mwisho umekatika katikati ya neno, na kabla ya hapo kuna hili: "Mwalimu, rudi unisahihishe."

Nimelia mpaka kifua kinauma, lakini ni kilio cha kushiba. Jiwe limetoka.

Najua ulinionya. Lakini ameniomba mwenyewe, na kuna kosa moja ambalo siwezi kuliacha lipite. H zake zote nimeziacha, sijagusa hata moja. Ila mwishoni, baada ya maneno yake, nimeandika mstari mmoja: "Mume wangu, nimekusoma. Si mimi niliyefariki. Ni wewe." Ni haki yake kujua. Hawezi kuendelea kuteseka akinililia mimi niliye hai.

Kesho saa nane atasoma. Sitalala.

Mwalimu wako

*

22 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Ulimwandikia hivyo?

Sikulaumu. Nimefurahi kwamba umepata ulichokuwa unatafuta, kweli nimefurahi, nilisoma barua yako mara tatu na wateja wakangoja. Lakini tangu hapo sina raha. Nijibu upesi, Jumamosi ilikuwaje?

Kama mashine imetulia, naomba uiache itulie. Ulichohitaji umekipata. Toa betri, ifunge kwenye nguo, iweke kabatini. Au niruhusu nije mwenyewe niichukue. Nikija nitapika mimi, wewe ukae.

Kiberiti

*

4 Mei

Kiberiti,

Nimechelewa kukujibu, unisamehe. Siku zimenichanganyikia.

Jumamosi nilikaa mbele ya meza kama nilivyosema. Saa nane na dakika tano mashine ikatetema. Mia, tisini na tisa, tisini na nane, tisini na saba. Ikasimama. Mtetemo ukakoma ghafla. Alikuwa amefika kwenye mstari wangu.

Hakurudi Jumapili. Hakurudi Jumatatu. Betri ikapanda ikakaa mia, na saa nane ikapita juu yake kama saa nyingine yoyote. Ungefurahi kuiona, Fundi, mashine nzima isiyo na kasoro hata ndogo. Mimi nilikuwa nikizunguka nyumba nikishika viti, nikishika upande wake wa kitanda, kila kitu baridi. Miezi kumi nilijiona mjane mpweke, kumbe nilikuwa na mtu. Upweke wenyewe nimeujua wiki hizo mbili.

Nilielewa nilichofanya. Nilimsimamisha tena mbele ya ukumbi. Nikamwambia kwa sauti ya darasani kwamba amekosea, naye akakunja karatasi yake na kukaa.

Jana mchana nikafungua faili, nikafuta ule mstari. Mahali pake nikaandika: "Mume wangu, nilikuwa najitia ujuaji, unanijua. Wewe ndiye uliye sahihi. Mimi ndiye niliyefariki, tarehe 19 Juni, usingizini, wala sikuumia. Endelea kuniandikia, nakusoma kila hasubuhi." Niliandika hivyo hivyo, kwa h, na mkono haukukataa. Nikachomoa waya, nikaenda kujilaza.

Nilipoamka hakukuwa na saba kwenye kona. Alikuwa ameniachia arobaini nzima, na kurasa nne. Anasema alijua tu, hanidai kitu.

Leo asubuhi mtu wa vifurushi alipita. Nilikuwa mlangoni na barua ya kwanza niliyoandika kukujibu, nikampungia, nikamwita kwa jina lake la utani. Alitazama dirisha, akatazama mlango nilipo, akaandika kitu kwenye karatasi yake na kuondoka. Nadhani jua lilikuwa machoni mwake. Chai niliyoitengeneza saa moja bado iko mezani, imejaa, na sina njaa wala kiu, hilo nalo ni nafuu maana daktari alinikataza sukari. Nimeanza kusikia vizuri pia. Nasikia mtu anavuta kiti chumba cha pili.

Usije, mwanangu, safari ni ndefu na una wateja. Barua hii naiweka juu ya meza yake, karibu na mashine. Za mume wangu zilikufikia kutoka hapo, na hii itafika.

Usihangaike kutengeneza chochote. Ni saa nane na robo, na betri inashuka vizuri.

Mwalimu